Kwa Nini Waomba?

Juma lililopita ilitufikia barua kutoka Ikolo, kata ya wilaya ya Kyela, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Aliyeiandika ni mzee wa makamo, Mkristo, baba wa watoto watano, mkulima wa mpunga na kakao, tena katibu wa chama cha ushirika cha msingi katika sehemu zile. Ametupa ruhusa tuieleze habari yake, ila jina lake na la chama chake tusiyataje. Nasi twafanya hivyo kwa kuwa twajua ya kwamba swali lake si lake peke yake. Limo katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa nchi hii, Bukoba na Songea, Moshi na Tabora, na pengine limo katika nyumba yako wewe unayesoma.

Habari yenyewe ni hii. Mwanawe wa pili alimaliza shahada ya kwanza ya biashara mwaka jana huko Dar es Salaam. Kazi hajapata. Sasa ataka kuendelea na shahada ya pili ya uongozi wa biashara, ile ambayo dunia nzima huiita kwa herufi tatu, MBA. Chuo anachokiomba chataka cheti cha shahada ya kwanza, na insha ya kueleza kwa nini anaomba, na tena barua ya mwajiri inayoshuhudia ya kuwa mwombaji amefanya kazi si chini ya miaka miwili. Kijana hakuwa na mwajiri. Basi akaiandika barua yeye mwenyewe, akamtumia babaye katika simu, akamwomba aichapishe kwenye karatasi ya chama, aitie saini na muhuri. Barua yasema ya kuwa kwa miaka miwili na miezi mitatu amekuwa msaidizi wa hesabu na masoko wa chama kile. Ukweli ni kwamba wakati wa likizo alipata kuja ghalani mara mbili tatu, akasaidia kupanga magunia.

Mzee aliandika hivi: “Padre, kijana asema chuo hakitauliza, na wenzake wote wamefanya hivyo. Mimi simwoni aliyeibiwa. Lakini muhuri nikiushika, mkono wakataa. Nikiutia, namwibia nani?”

Tumekaa na swali hilo siku kadhaa, na tumekuja kuona ya kuwa laingia ndani kuliko tulivyodhani tulipolisoma mara ya kwanza.

Yatupasa tuanze na elimu yenyewe, maana wako Wakristo wanaodhani ya kuwa padre akizungumza habari za biashara hana budi kuilaani. Sivyo. Mathayo alitoka katika meza ya ushuru, na Zakayo hakuambiwa aache kuhesabu fedha, bali alihesabu vizuri zaidi aliporudisha mara nne. Shule za biashara si za zamani sana. Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilifungua yake mwaka 1908. Kwetu, Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kitivo cha biashara na uongozi mwaka 1979. Kanisa nalo halikukaa nyuma. Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii Nyegezi mwaka 1960, na kutokana na mbegu ile Baraza la Maaskofu lilianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998, ambacho hufundisha biashara hata shahada ya pili. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali ya kuwa faida ni dalili ya kazi inayokwenda vizuri. Ila alionya ya kuwa hesabu za kampuni zaweza kuwa safi huku watu wake wakidhalilishwa. Na mwaka 2012 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa kitabu kizima juu ya kiongozi wa biashara, na neno walilolichagua kuieleza kazi yake ni wito. Neno hilo tutalirudia.

Sasa tutazame jinsi maombi ya kuingia shule hizi yanavyokwenda, maana hapo ndipo kijana wa Ikolo alipokutana na wimbi lililo kubwa kumpita yeye. Wanaoangalia mambo haya wameona ya kuwa maombi hupanda ajira zinaposhuka. Yalipanda wakati wa msukosuko wa fedha wa miaka ya 2008 na 2009, yakapanda tena mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Kazi zilipokuwa nyingi tena huko Marekani, yakapungua, mwaka 2022 na mwaka 2023. Kisha mwaka 2024, kwa uchunguzi wa baraza linalotoa mtihani wa GMAT, yaliongezeka kwa asilimia 12 hivi katika shule zilizoulizwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba wengi wa waombaji hawaitwi na elimu, bali wasukumwa na uhaba. Shahada ya pili imekuwa kibanda cha kujikinga na mvua.

Hapa kwetu mvua ni kubwa zaidi. Nani amesahau mwezi wa Juni mwaka 2014, watu zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji? Na mwanzoni mwa mwaka 2025 watu zaidi ya 100,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato. Mwenye shahada moja akiona foleni ya namna hiyo, husema moyoni: nikiwa na mbili nitasogea mbele. Jirani yake naye asema vivyo hivyo, na jirani wa jirani yake. Wote wakisogea hatua moja, foleni hubaki vile ilivyokuwa, ila kila mmoja amelipa.

Tena mwombaji mwenyewe amebadilika. Zamani aliyekwenda kusoma uongozi wa biashara aghalabu alikuwa mtu mzima, ofisa wa benki au wa shirika la umma, aliyetumwa na mwajiri wake baada ya kuhangaika miaka na hesabu zisizokubali kulingana. Leo ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, ambaye joho la mahafali ya kwanza bado lanukia pasi. Kuna mawakala mijini wanaomtafutia nafasi katika vyuo vya ng'ambo kwa malipo. Kuna wanaouza insha. Na sasa hata muuzaji wa insha amepata mshindani, kwa kuwa akili mnemba yaweza kumwandikia mtu kwa dakika moja sababu nzuri za kutaka kitu asichojua kama akitaka. Shule nyingine za nje zimeanza kumtaka mwombaji ajibu maswali mbele ya kamera, papo hapo, ili wamsikie mwenyewe. Ajabu ya dunia hii! Tumetengeneza mashine ya kujibu swali la “kwa nini waomba?”, kisha tumetengeneza nyingine ya kumshika anayetumia ile ya kwanza.

Lakini haki yadai tumsikilize kijana. Yeye asema: waajiri wanataka uzoefu wa miaka mitatu, vyuo vyataka wa miaka miwili, na hakuna anipaye hata mwezi mmoja, mmejenga nyumba isiyo na mlango, kisha mwanikemea nikipita dirishani. Hoja hii ina uzito, na wazee wenye ofisi ambao watatusoma Jumapili baada ya Misa waitafakari. Twaijua aibu ya kijana mwenye shahada aliyerudi kijijini. Watu humwuliza kila asubuhi kwa upole, “Bado?”, na upole ule wauma kuliko tusi. Hatukubali kumwita kijana huyu mwizi. Ameonewa, naye atafuta njia.

Hata hivyo swali la baba lipo palepale, nalo halijibiwi kwa huruma peke yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipata kujiuliza jambo la namna hii, tena lahusu nafaka, hivi kwamba mtu wa Kyela atalielewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mfanyabiashara apeleka nafaka mahali penye uhaba, ambapo bei iko juu. Yeye ajua ya kuwa nyuma yake waja wengine na shehena, wanunuzi hawajui. Je, ni lazima awaambie? Fikiri juu ya mtu anayepandisha mchele Mbeya, naye amepishana njiani na malori kumi yaliyoharibika, ambayo kesho yatafika. Tomaso ajibu ya kuwa haki haimlazimishi kusema, kwa kuwa auza kwa bei ya siku ile. Walakini akisema, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila kubwa zaidi. Mwalimu huyu si mkali kupita kiasi! Ampa mfanyabiashara nafasi ya kunyamaza. Lakini palepale afundisha ya kuwa mwenye kuuza kitu chenye kasoro iliyofichika, ambayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, hana budi kuidhihirisha.

Tuipeleke mizani hiyo kwa mwombaji wa chuo. Hakuna sheria inayomtaka aandike udhaifu wake wote. Aweza kunyamaza habari za somo alilolirudia, ikiwa hakuulizwa. Aweza kuieleza kazi yake ndogo kwa maneno mazuri, kama mama apangavyo nyanya nzuri juu ya fungu, na kila mnunuzi ajua desturi hiyo. Lakini barua ya mwajiri ni jambo jingine. Chuo kimeuliza waziwazi: je, mtu huyu amefanya kazi? Wala hakikumwuliza mwombaji, kwa maana chajua ya kuwa kila mtu hujipendelea. Kimemwita mtu wa tatu atoe ushahidi. Hapo tumeondoka sokoni, tumesimama mbele ya hakimu, na amri inayohusika ni ya nane, ile ya kutoshuhudia uongo. Mzee alidhani yamhusu amri ya saba, ndiyo maana akauliza namwibia nani. Hata asingaliibiwa mtu yeyote, ushahidi ungalikuwa wa uongo.

Lakini wako walioibiwa, nao si wachache.

Wa kwanza ni yule mwombaji mwingine, ambaye hatumjui. Labda ni karani wa ghala huko Mbozi, aliyefanya kazi miaka minne kwa mshahara mdogo, akaandika barua yake bila kuongeza kitu. Nafasi ni chache. Wa pili ni wanafunzi wa darasa lile lile. Katika shule hizi mwalimu hatoi hotuba tu. Tangu miaka ya 1920 Harvard imefundisha kwa visa vya kweli vya makampuni, na shule nyingi zimeiga. Wanafunzi hubishana, kila mmoja akileta yale aliyoyaona kazini, na ndiyo sababu shule hudai uzoefu. Asiyewahi kuona mizani akiingia darasani humo, huketi kula chakula cha wenzake, naye hakuleta kitu mezani. Wa tatu ni wale watakaoongozwa naye siku moja. Jeffrey Skilling alipata shahada hiyo Harvard mwaka 1979, akawa mkuu wa kampuni ya Enron. Kampuni ilianguka mwaka 2001, wafanyakazi wakapoteza akiba zao za uzeeni, na mwaka 2006 mahakama ilimwona ana hatia ya udanganyifu. Hatusemi ya kuwa shule ilimfundisha kudanganya. Twasema ya kuwa shule haikumwondolea. Wanafunzi wa Harvard waliomaliza mwaka 2009, baada ya mabenki kutikisika, waliona aibu kwa ajili ya jina la elimu yao, wakatunga kiapo cha kufanya kazi kwa uaminifu, na wengi wakakitia saini. Twawasifu. Ila kiapo cha siku ya kutoka ni kigumu kukishika kwa mtu aliyeingia kwa barua ya uongo.

Na wa nne? Wa nne ni wanachama wa chama chenyewe, nao ndio tungependa mzee wa Ikolo awafikiri kuliko wote.

Muhuri ule si wa katibu. Ni wa wanachama. Wao wameuweka mikononi mwake. Mkulima wa kakao wa Kyela huleta punje zake zilizochachushwa na kukauka, zapimwa, aandikiwa stakabadhi, mzigo waingia ghalani kungoja mnada. Fedha hazipo siku ile. Anachorudi nacho nyumbani ni karatasi. Mjane mwenye miti michache arudi na karatasi, na mwenye shamba kubwa arudi na karatasi, na wote wawili walala usingizi kwa sababu karatasi ile ina uzito uleule wa kakao waliyoiacha. Mwaka 2024, bei ya kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, kila kilo iliyoandikwa pungufu ilikuwa ada ya shule ya mtoto fulani. Sasa muhuri uliosema uongo mara moja juu ya kijana, kwa nini uaminiwe juu ya kilo? Uongo ule haumhusu mkulima, utasema. Naam, lakini mkulima amempa katibu muhuri usemao kweli, si muhuri usemao kweli isipokuwa kwa watoto wa katibu. Hapo ndipo tulipomwona aliyeibiwa, tena kwa wizi halisi.

Tutasema neno juu ya uzoefu, kwa kuwa vijana wengi wauona kama kikwazo kilichowekwa na wazee wenye wivu. Desturi ya kutaka mtu afanye kazi kabla ya kupewa elimu ya juu haikutoka Marekani peke yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kisha waombe Chuo Kikuu wakiwa na barua ya mwajiri na ya Chama. Sera hiyo ilikuwa na madhara yake. Idadi ya wasichana walioingia ilipungua upesi, ikabidi masharti yalegezwe kwao, na baadaye mpango wote ukaachwa. Wazo lake, hata hivyo, halikuwa la kijinga. Na kabla ya siasa zote hizo, Wanyakyusa wenyewe walilijua. Bibi Monica Wilson alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao kando ya baba zao, wakaendelea kwa miaka mingi kulima mashamba ya baba zao, hata siku ilipofika wakakabidhiwa nchi kwa sherehe. Hakuna aliyekabidhiwa nchi ambayo hakuishika kwa jembe.

Mfano ulio karibu zaidi na kijana wetu ni wa marehemu Paul Bomani. Watu humkumbuka kama Waziri wa Fedha wa mwanzo wa uhuru. Lakini kabla yake alikuwa karani, kisha katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, kisha akazunguka vijijini Usukumani kuwaunganisha wakulima wa pamba, waliolalamika ya kuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwaka 1953 ndipo alipokwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Fikiri ni maswali gani aliyokwenda nayo! Kila somo la hesabu alilofundishwa lilikuwa na uso wa mkulima fulani. Aliporudi, vyama vile viliungana mwaka 1955 vikawa Victoria Federation, mmoja wa miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika. Lau angalikwenda Loughborough akitoka shuleni moja kwa moja, angalirudi na cheti kilekile na, twadhani, asingalijua la kukifanyia.

Basi twarudi kwenye insha. Swali la “kwa nini waomba?” vijana huliona kama mtego, hutafuta jibu ambalo chuo chapenda kulisikia. Sisi twaliona kuwa ndilo swali la heshima kupita yote katika fomu ile. Sisi wenyewe tuliulizwa swali hilo tulipoomba Seminari Kuu. Paroko wetu naye aliulizwa, na barua yake hatukuisoma hata leo. Twakumbuka tulivyomwogopa siku zile, mzee yule wa maneno machache, kwa kuwa tulijua ya kuwa hataandika asilolijua. Kama angaliandika kwa kutupendelea, wangalioumia ni waamini, ambao wangalipata mchungaji asiyeitwa. Ikiwa Kanisa lasema ya kuwa uongozi wa biashara nao ni wito, basi barua yake nayo ni ya namna ile. Na jibu la kweli la kijana wa Ikolo leo ni hili: naomba kwa sababu sina kazi, na naona aibu. Jibu hilo si dhambi. Anayelijua ameanza kujijua. Ila jibu hilo halihitaji MBA, lahitaji kazi.

Na kazi ipo, jambo ambalo limetusikitisha na kutufurahisha pamoja. Chama cha babaye chauza mazao ya mamia ya familia kwa vitabu vya hesabu ambavyo, kwa maneno ya mzee mwenyewe, “havina mtu wa kuvipenda”. Wakulima wengine, ada za shule zikifika na mnada ukiwa mbali, huuza kakao ingali mtini kwa mtu mwenye fedha mkononi, kwa sehemu ndogo ya thamani yake. Kila mtu Kyela ajua ya kuwa hiyo ni hasara. Walioketi wakapiga hesabu ya mfuko wa kukopeshana ambao ungeizuia ni wachache. Je, hilo si somo la shahada ya pili? Kijana mwenye shahada ya biashara aketi nyumba ya pili kutoka ghala lile, akingoja majibu ya chuo.

Lipo na jambo la ada, ambalo mzee alilitaja mwishoni, kama kwa haya. Mwanawe ataka sehemu ya shamba la mpunga iuzwe. Na kuna binti, wa nne kuzaliwa, ambaye amemaliza kidato cha nne na ataka kusomea uuguzi. Juu ya hili hatuna shaka. Mzazi ana deni la kumlea na kumsomesha mtoto kwa kadiri ya uwezo wake. Hana deni la kumpa mtoto mmoja cheo cha pili kabla mwingine hajapata cha kwanza. Mtu mzima mwenye shahada akiomba shahada nyingine kwa mali ya babaye, aomba zawadi, na zawadi hutolewa kutoka katika ziada. Shamba la mpunga si ziada. Tena ikiwa baadaye atataka kweli kusoma, viko vyuo vinavyofundisha watu walio kazini, jioni na mwisho wa juma; Chuo Kikuu Mzumbe kina kampasi Mbeya, na Chuo Kikuu Huria chawafikia watu mahali walipo. Mbeya si mbali na Ikolo, ni kilomita zaidi ya 100, na mwenye mshahara wake aweza kujilipia nauli.

Tulimjibu mzee kwa barua fupi. Tulimwambia asiutie muhuri. Tulimwambia amweleze mwanawe sababu kwa upole, bila kumwita mwongo, kwa maana kijana aliyekataliwa na ofisi nyingi asisikie mlango mwingine ukifungwa kwa kishindo nyumbani. Tukamshauri apeleke jambo mbele ya bodi ya chama, yeye mwenyewe akitoka nje wakati wa kuamua, ili wanachama wakitaka wampe kijana kazi ya vitabu kwa msimu mmoja, kwa posho ndogo, chini ya macho ya mtu asiye babaye. Na tukasema ya kuwa miaka miwili ikiisha tutafurahi kusoma barua ya kweli.

Jumatano tulipata majibu yake. Barua haikutiwa muhuri. Binti amechukua fomu za chuo cha uuguzi. Kijana alikasirika, hakula chakula cha jioni, na asubuhi alipanda basi kwenda Mbeya kwa mjomba wake. Siku ya tatu alimpigia babaye simu, hakusalimu, akauliza tu, “Tata, hivyo vitabu vya chama ni vya miaka mingapi?” Mzee atwambia ya kuwa alimjibu ni vya miaka sita, simu ikakatika, naye hajui kama ni mtandao au ni hasira.